Futi Saba Kasoro Inchi

Walimwita Bwana Futi. Jina hilo alipewa na manahodha wa matishari, vile vyombo vipana vya kubebea mizigo vilivyokuwa vikipita mferejini kutwa nzima. Kila nahodha alipolikaribia lango alizungusha viganja kinywani akapiga kelele toka mbali: "Futi ngapi leo, Bwana Futi?" Naye, amesimama juu ya ukuta, kofia imelala upande, alijibu kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake: "Futi saba! Pita salama!"

Mfereji ulichimbwa kutoka kiwanda cha matofali hadi mtoni, na pale ardhi ilipoteremka ndipo lilipojengwa lango. Kwa kweli yalikuwa malango mawili. Chombo kikiingia katikati, la nyuma linafungwa, maji yanapunguzwa taratibu mpaka yalingane na ya chini, kisha la mbele linafunguliwa na safari inaendelea. Shughuli yote ilichukua nusu saa, na kwa muda huo nahodha hana la kufanya ila kukaa na kungoja. Na mtu anayengoja, usimwambie mengi, anataka chai.

Hivyo ndivyo mtaa ulivyoanza. Bwana Futi alipoajiriwa, kijana wa miaka ishirini na minne, palikuwa na lango, nyumba ya vyumba viwili, na vyura wasiojua kunyamaza. Mkewe akatoa jiko nje, akaweka birika na benchi moja la kuazima. Benchi likawa mawili. Akaja fundi kamba, maana kamba za matishari hukatika pale pale langoni. Akaja seremala wa kuziba mbao zilizopasuka, akaja dobi wa kufulia watu waliolala wiki nzima chomboni, akaja kinyozi, ikaja shule ya chumba kimoja. Mwaka wa kumi na mbili palikuwa na nyumba arobaini na moja, taa nne za njiani, mbili zikiwaka, na ugomvi wa kudumu juu ya nani anatandaza kamba yake ya nguo mbele ya dirisha la nani. Watu wa mjini walikuwa wakija Jumapili na viatu vyao vizuri kutembea kando ya maji, na mke wa Bwana Futi aliwamiminia chai kwa madaha kama vile mfereji aliuchimba yeye.

Kazi ya mlinda lango ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulionwa na kila mtu, kufungua na kufunga. Wa pili haukuonwa na mtu. Kila Jumatatu asubuhi alipaswa kuingia kwenye kimashua chake, achukue upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, ambao wake ulichorwa alama za futi na inchi kwa rangi nyeupe, ashuke na mfereji hadi ng'ambo ya kona akipima kina kwenye vigingi saba vilivyopigwa ukingoni. Apime, aandike daftarini. Idara ya maji ililitegemea daftari hilo kuamua lini ilete mashine ya kuzoa matope. Manahodha walilitegemea kuamua wapakie kiasi gani.

Miaka mitano ya kwanza alipima. Tumpe haki yake hapo. Mvua ikinyesha alipima, na homa ikimshika alipima huku akitetemeka. Kila Jumatatu alipata saba, saba, saba, mpaka akajiona kama mtu anayehesabu vidole vyake kila asubuhi asije akawa amepoteza kimoja. Kimashua kilikuwa kikivuja. Safari nzima ilikula saa mbili na nusu. Na kwenye benchi la mkewe palikuwa na dama, mchezo ambao Bwana Futi hakuwa na mpinzani, na fundi kamba alikuwa akimngoja kete zimekwisha kupangwa.

Basi Jumatatu moja alipima kigingi cha kwanza tu, kile cha hatua chache toka langoni. Akapata saba. Akajisemea, kama hapa ni saba, huko mbele kutakuwa na nini kingine? Akaandika saba mara saba, akaenda kucheza dama. Jumatatu iliyofuata akaona saba tupu zinatia shaka, akatia chumvi kidogo: kigingi cha pili, saba na inchi, cha nne, saba kasoro inchi, cha sita, saba kamili. Alikuwa na mwandiko mzuri, na ukurasa ulipendeza kweli. Ulipendeza kuliko zile za miaka aliyokuwa akipima, ambazo zilikuwa na madoa ya maji.

Baadaye hata kigingi cha kwanza akakipiga chenga. Alikuwa akishuka ngazi za lango, anachovya upondo majini hadi katikati, anarudi nao na kuuegemeza mlangoni ukichuruzika, ili mkewe akitoka na birika aone kazi imefanyika. Mkewe alikuwa akichukua tambara na kupangusa sakafu chini yake bila kulalamika. "Pole na kazi, mume wangu," alikuwa akimwambia. Na Bwana Futi, bila haya, miaka tisa mizima aliitikia, "Ahsante, mke wangu."

Jambo ambalo hakulijua, na ambalo angelijua kwa safari moja tu ya kimashua, ni hili. Kila lango lilipofunguliwa, maji yalitoka kwa kishindo, yakasomba tope la pale mlangoni, yakaenda kulitua kwenye kona, kwenye kigingi cha nne. Langoni pakabaki safi, futi saba. Kwenye kona pakajaa polepole. Kadiri mtaa ulivyonawiri ndivyo lango lilivyofunguliwa mara nyingi zaidi, na ndivyo tope lilivyozidi. Nahodha mmoja mmoja alilalamika kwamba chombo kinakwaruza pale konani. "Majani hayo," Bwana Futi aliwajibu, huku anasogeza kete.

Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, nahodha wa tishari kubwa kuliko yote mferejini. Mtaani waliitwa wote manahodha, lakini ukisema Nahodha tu, bila kuongeza neno, ulimaanisha yeye. Alikuwa mtu wa kicheko, kifua mbele, na dada yake alijivuna kwa ajili yake mpaka watu wakachoka kusikiliza. Mwaka wa kumi na nne kiwanda cha matofali kilikuwa kinasitasita. Barabara mpya ilikuwa imefika hadi mlangoni kwake, na wenye malori walikuwa wakimnong'oneza meneja kila siku. Meneja akasema atajaribu mzigo mmoja mkubwa kwa njia ya maji, aone. Mzigo huo akapewa Nahodha.

Asubuhi ile, Jumatatu, tishari liliingia langoni limelemewa, maji yamebakiza kiganja kufika ukingo wake. Nahodha akaruka ukutani, akamshika shemeji yake begani.

"Shemeji, leo nimejaza. Chombo kinataka futi tano na nusu. Niambie kweli, kigingi cha nne kina ngapi?"

"Saba kasoro inchi."

"Umepima wewe mwenyewe?"

"Sasa nani mwingine, shemeji? Upondo huo hapo mlangoni, bado umelowa."

Nahodha aliutazama upondo, akacheka, akaenda zake. Baada ya robo saa kukasikika sauti kutoka kwenye kona, kama mtu anayeburuta kabati zito sakafuni. Tishari lilikwama kwenye kigingi cha nne, likageuka kidogo, likaziba mfereji wote. Lilikaa hapo siku kumi na moja. Siku ya tatu meneja wa kiwanda aliita malori, na hakuwahi kurudi majini.

Wajumbe watatu wa idara ya maji walikuja kuchunguza. Walikaa kwenye viti vya wanafunzi katika chumba cha shule, magoti yamewafika kidevuni, na mtaa mzima ukajazana madirishani.

"Ulipima kigingi cha nne Jumatatu ile?" mkubwa wao alimuuliza Bwana Futi.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Aliuona mlango wa kusema uko wazi, akaona pia uso wa mkewe dirishani, umejaa imani.

"Nilipima, mheshimiwa."

"Ukapata?"

"Futi saba kasoro inchi."

Mjumbe akageuza kurasa za daftari, akasema hajapata kuona daftari safi namna hiyo. Wakaamua kwamba nahodha alipakia kupita kiasi, akatoka katikati ya njia, kisha akalikusanya tope mwenyewe kwa kujaribu kujinasua kwa nguvu. Cheti chake kikachukuliwa. Nahodha alimtazama shemeji yake, na katika macho yale hamkuwa na shaka hata kidogo. Laiti ingekuwamo. "Basi nitakuwa nimekosea mimi," alisema. "Shemeji hawezi kukosea futi mbili."

Mtaa haukufa siku moja. Kinyozi aliondoka kwanza, akafuata seremala, aliyekwenda mjini kutengeneza madawati. Dobi aliondoka na kamba zake, na ghafla kila mtu akayakumbuka mashuka yale yaliyokuwa yakiwaziba madirisha. Shule ilifungwa ilipobaki na wanafunzi watatu, wawili wao mapacha. Maji yakawa ya kijani, lango likashika kutu, na fundi kamba akamaliza siku zake akicheza dama peke yake, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, maana Bwana Futi hakugusa tena kete. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwa aibu, na aliiona aibu hiyo kila alipokaa kwenye lile benchi.

Lawama yote ilimwangukia Nahodha. Watoto walimwita Nahodha Tope, tena hawakunong'ona. Akawa anasukuma mkokoteni kule barabara kubwa, akipakua matofali kutoka kwenye malori yale yale, mtu aliyekuwa akisafirisha elfu nzima huku amekaa anavuta kiko. Mkewe Bwana Futi alipomimina birika la mwisho na kufunga kibanda, alimwita mdogo wake uani, akamwambia mbele ya watu: "Umetuzika wote kwa tamaa yako ya sifa. Kwangu usikanyage." Nahodha aliinamisha kichwa. Na Bwana Futi, aliyesimama hapo hapo, alifanya nini? Alitazama viatu vyake.

Mwanamke yule alikuwa wa neno moja. Miaka mingi baadaye alipolala kitandani asiamke tena, Nahodha alikuja hadi mlangoni na machungwa kwenye mfuko, akaomba amwone hata kwa dakika. Bwana Futi aliingia ndani, akamwambia mkewe. Mkewe akageukia ukutani. Bwana Futi akatoka. "Amelala, shemeji," alisema. Nahodha akamwachia machungwa. Wiki ile ile walimzika, na Nahodha alisimama nyuma ya watu wote kama mpita njia.

Idara ilimstaafisha Bwana Futi kwa barua ya shukrani kwa utumishi wa uaminifu. Mkewe, enzi za uhai wake, ndiye aliyeitia fremu na kuitundika sebuleni. Bwana Futi alikuwa akisema kioo chake kinampiga macho, akawa anatundika koti juu yake, masika na kiangazi. Nyuma ya koti lile, pamoja na fremu, ndiko alikojificha miaka yake ya uzee, kama tukisema bila kumwonea.

Mwaka huu idara ikaamua kuufukia mfereji. Akatumwa mpimaji, binti wa miaka thelathini hivi, amevaa buti za mpira, na siku ya tatu ya kazi yake alibisha hodi akiwa na daftari kuukuu kwapani. Bwana Futi alilitambua kabla hajamtambua mgeni ni nani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

"Nimelisoma daftari lako lote, mzee. Mwandiko kama umechapwa na mashine. Ila kuna Jumatatu moja imenishinda." Akafungua ukurasa. "Hapa, mwaka wako wa sita kazini. Wiki hii mfereji ulikaushwa, mnabadilisha mbao za lango. Tuna picha ofisini, watu wamesimama chini wakiwa na makoleo. Hakuna hata tone. Na wewe umeandika futi saba, vigingi vyote saba." Akacheka. "Halafu na wewe mwenyewe umo pichani, mzee! Umeshika koleo!"

Bwana Futi aliuinamia ukurasa. Aliikumbuka wiki ile. Alikuwa ameandika kurasa za mwezi mzima kwa mkupuo mmoja, ili asisumbuke.

"Labda nilikosea tarehe."

"Labda. Sote tunakosea tarehe." Kama binti alijua zaidi ya hapo, hakuonyesha. "Lakini kuna jambo jema. Nimelitoboa tope la pale konani kwa bomba. Limekaa tabaka kwa tabaka, mzee. Si tope la siku moja. Ni la miaka minane, tisa. Chombo chochote kizito kingekwama. Yule nahodha aliyelaumiwa hakuwa na kosa hata chembe. Yu hai bado?"

"Yupo. Ni shemeji yangu. Nyumba ile yenye mlango wa buluu."

"Kumbe! Basi nakuachia wewe umpelekee habari njema. Ikitoka kwa mtu wa nyumbani ni tamu zaidi."

Siku mbili Bwana Futi alishindwa kula. Alikwisha kupewa mlango wa uani wa kutokea, na aliujua. Angeweza kupeleka habari ya tope na kuishia hapo. Nahodha angesafishwa, yeye angebaki msafi, na koti lingeendelea kuning'inia. Asubuhi ya tatu alivaa kofia, akavuka uwanja.

Nahodha alikuwa ameketi kizingitini anashona gunia, sindano karibu na jicho, maana macho yalikuwa yamemchoka. "Karibu, shemeji! Chai ipo. Si kama ya dada, lakini ni ya moto."

Bwana Futi alimweleza habari ya tope. Alieleza yote, bomba, tabaka, miaka tisa. Nahodha aliacha gunia. Alimwomba arudie. Kisha machozi yakamtoka waziwazi, akaushika mkono wa shemeji yake kwa mikono miwili, mikono migumu ya mkokoteni, akaubusu.

"Mungu akubariki, shemeji. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza nilikosea wapi. Kumbe sikukosea. Na wewe ndiye umeniletea. Wewe!"

Shukrani ile ndiyo iliyomshinda. Angeweza kuvumilia matusi, hata ngumi. Bwana Futi aliuvuta mkono wake kama aliyeungua.

"Usinishukuru. Sikupima."

"Hukupima nini?"

"Kigingi cha nne. Vyote. Nilikuwa nachovya upondo hapo langoni, nauweka mlangoni uonekane umelowa. Asubuhi ile uliponiuliza, sikuwa nimepima. Hata Jumatatu ile iliyotangulia sikuwa nimepima."

"Ulichovya tu?"

"Nilichovya tu."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Dada alijua?"

"Hakujua."

"Na siku ile ya machungwa, ukaniambia amelala?"

"Alikuwa macho. Alikataa kukuona. Ningesema neno moja tu, angekuita. Sikulisema."

Nahodha alichomeka sindano kwenye gunia ili isipotee, akavuta viatu vyake kutoka chini ya kiti, akavivaa kimoja kimoja, akifunga kamba kwa kupapasa. Kisha akasimama.

"Twende."

"Wapi, shemeji?"

"Kwa dada."

Makaburi yalikuwa nyuma ya ile shule iliyofungwa. Wanawake wawili walikuwa wakifyeka majani upande wa pili, wakipiga soga. Nahodha alimwongoza hadi kwenye kaburi, ambalo alilijua vizuri kuliko mwenye mke, akasimama kando, mikono nyuma.

"Mwambie."

Bwana Futi alipiga magoti. Akaongea na udongo, midomo inacheza, maneno yanatoka kidogo kidogo, ya tope, ya upondo, ya tambara aliloinama nalo mkewe kila Jumatatu kupangusa maji ya uongo. Mtu aliyesimama hatua mbili asingesikia kitu. Alipomaliza alitaka kuinuka, na mkono wa Nahodha ukamkalia begani.

"Sauti, shemeji," alisema. "Mimi nilitukanwa mbele ya watu."

Bwana Futi akavua kofia, akaanza upya toka Jumatatu ya kwanza, na kule ng'ambo wale wanawake wakaacha kufyeka.